Shajara ya mradi: albamu ndefu za roki progresivu, Lubumbashi

1 Desemba 2024: nia na kanuni

Roki progresivu ni roki ya nyimbo ndefu zenye sehemu nyingi, na swali la mradi huu ni moja: wimbo wa dakika ishirini unastahili urefu wake wakati gani? Sikio la mtu aliyekulia Lubumbashi haliogopi wimbo mrefu, kwa kuwa limelelewa na rumba inayoanza polepole kwa mashairi, ikajichukulia muda wake, kisha ikafunguka katika sebene ambamo magitaa yanashika uongozi na waimbaji wanabaki kuwa wachochezi. Bendi ya Zaïko Langa Langa ilianzishwa Kinshasa mnamo Desemba 1969, miezi miwili baada ya kundi la roki la King Crimson la Uingereza kutoa albamu yake ya kwanza, na katika miaka iliyofuata vijana wa pande zote mbili walikuwa wanarefusha nyimbo, wale wa huku ili watu wacheze zaidi, wale wa kule ili watu wakae wasikilize. Mwaka 1972 kundi la Yes lilijaza upande mzima wa santuri kwa wimbo mmoja, na kundi la Jethro Tull likajaza pande zote mbili kwa wimbo mmoja. Zaidi ya miaka hamsini baadaye bado kuna watu wanaotoa albamu za namna hiyo, na ninataka kuzisikia zinapotoka, si baada ya miaka kumi.

Tuko wachache: mwalimu wa hesabu, mpiga gitaa wa zamani wa okestra moja ya baa za Kamalondo, mtaa wa hapa Lubumbashi, ambaye sote tunamwita Yaya, kijana anayepiga dramu kanisani, na mimi. Mwenzetu mmoja wa Goma atakuwa anasikiliza huko kwake na kututumia karatasi yake kwa simu. Tunakutana Jumamosi jioni. Albamu hununuliwa nakala moja, na husikilizwa mara mbili: mara ya kwanza bila kalamu na bila maneno, mara ya pili kila mtu akiwa na karatasi iliyochorwa dakika. Mtu anapojikuta anawaza jambo jingine, bei ya makaa au mtoto aliye na homa, anaweka alama kwenye dakika hiyo. Mwisho tunalinganisha alama, na mahali zinapolundikana ndipo tunapouliza kama mtungaji alikuwa na sababu ya kutupitisha pale.

Tumechanga dola 60 za kuanzia. Spika mbili za zamani zilikuwepo tayari nyumbani kwangu.

15 Desemba 2024: faili lililokufa na wosia wa Opeth

Tulianza na kundi la Opeth la Sweden, albamu The Last Will and Testament, iliyotoka tarehe 22 Novemba 2024 na yenye urefu wa takribani dakika 51. Jioni ya kwanza iliharibika kabisa. Nakala tuliyosikiliza ilikuwa imetolewa kwenye video ya mtandaoni na kubanwa sana, na kila palipokuwa na magitaa, dramu na sauti kwa pamoja, matoazi yalisikika kama mchanga unaochekechwa. Karatasi zilijaa alama, lakini alama hizo zilikuwa za uchovu wa masikio, hazikuwa hukumu ya muziki. Tulizichana.

Hesabu ya mwalimu ilitusaidia kuchagua. Faili la MP3 la kilobiti 320 kwa sekunde hula megabaiti 2.4 kwa dakika, kwa hiyo albamu hii inachukua kama megabaiti 120. Ukiisikiliza moja kwa moja mtandaoni mara mbili, umelipia 240, na mtandao ukikatika katikati unaanza upya. Faili la FLAC, ambalo halipotezi chochote, linafika megabaiti 300 au zaidi kwa albamu hiyohiyo, lakini linapakuliwa mara moja tu, usiku wa manane, wakati forfe ya mega, yaani kifurushi cha intaneti, ni nafuu. Tumeamua kununua FLAC kila inapopatikana. Albamu iligharimu dola 10 na kadi ya kumbukumbu ya gigabaiti 32 ikagharimu 7. Kulipa kulitusumbua kuliko kupakua, kwa sababu duka la mtandaoni lilikataa kadi ya kwanza na hatukuweza kutumia pesa za simu. Ndugu wa mwalimu aliye na kadi ya benki ya kulipia kabla ndiye aliyetutoa. Anayetaka kurudia mradi huu atafute kadi hiyo kabla ya kutafuta spika.

Sasa muziki wenyewe. Nyimbo saba za kwanza hazina majina, zimepewa alama ya ibara na namba, kama vifungu vya sheria, na ni wimbo wa nane tu wenye jina. Hadithi ni ya tajiri aliyefariki baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, na watoto wake watatu wanasomewa wosia unaofichua nani ni damu yake na nani siye. Mwimbaji wao Mikael Åkerfeldt amerudisha sauti ya kunguruma ambayo haikuwa imesikika kwenye albamu ya Opeth tangu Watershed ya 2008. Kijana wa kanisani alishtuka, akauliza kama inafaa aendelee kukaa. Mimi niliisikia kuwa sauti ya marehemu mwenyewe, anayezungumza kutoka mahali ambapo hakuna anayeweza kumjibu, na nikaona kwamba bila mngurumo huo wosia ungekuwa hotuba tu. Ian Anderson wa Jethro Tull anasoma baadhi ya maneno na kupiga filimbi. Mwalimu alisema kwamba nyumba nyingi za mtaa wa Katuba zimeshasikia wosia wa namna hii, bila magitaa.

Alama zilikuwa chache, na zilitawanyika. Hakuna wimbo wa albamu hii unaofika dakika kumi, lakini nyimbo zimeshonwa hivi kwamba ukiondoa ibara moja, ile inayofuata inakosa sababu. Hukumu yetu: urefu umestahili. Kasoro ninayoiona ni kwamba mabadiliko ni mengi mno katika ibara za mwanzo, na mdundo mzuri hauachwi ukae hata nusu dakika kabla ya kufukuzwa.

12 Januari 2025: umeme

Sehemu hii ni ndefu kwa sababu hapa ndipo fedha nyingi zilipoenda, na ndipo mtu anayefuata nyuma yetu anaweza kuokoa fedha zake.

Delestaji, yaani mgao wa umeme, ya mtaa wetu haina ratiba ya kuaminika. Albamu ikikatika dakika ya 14 ya wimbo wa dakika 19, kurudi baadaye mahali palepale hakusaidii, kwa sababu swali letu lote linahusu kile ambacho msikilizaji amebeba kutoka mwanzo. Jenereta ya jirani ilikuwa tayari kukodishwa, lakini inafunika kila kitu kilicho kimya, na roki progresivu ina ukimya mwingi unaofanya kazi. Kwa hiyo tulinunua betri ya gari ya mtumba ya volti 12 na uwezo wa ampea-saa 40 kwa dola 45, na tukaazima inveta ili kuwasha amplifaya ya nyumbani.

Inveta ilileta mvumo. Inveta za bei nafuu hazitoi wimbi laini la umeme kama la gridi. Zinatoa wimbi la ngazi ngazi, na amplifaya inaligeuza kuwa mlio usiokoma chini ya muziki. Tulibadilisha nyaya, tukasogeza vifaa, tukaweka inveta chumba kingine. Mvumo ulibaki. Aliyetuonyesha njia ni fundi mmoja wa magari aliyeuliza kwa nini tunapandisha volti 12 hadi 220 ili amplifaya izishushe tena. Tulirudisha inveta, tukanunua amplifaya ya gari ya mtumba kwa dola 25, tukaifunga moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi ya ampea 10 karibu kabisa na ncha chanya. Waya na fyuzi viligharimu dola 6. Mvumo ukaisha.

Ukaja mlio mwingine, mwembamba, uliopanda na kushuka. Huo ulitokea tu wakati simu inayopiga muziki ilikuwa inachajiwa kutoka betri ileile: umeme unapata njia mbili za kurudi, moja kwenye waya wa chaji na moja kwenye waya wa sauti, na kelele za chaja zinaingia katika muziki. Dawa yake haina gharama. Simu ichajiwe kabla, na ichomolewe.

Tatizo la tatu lilikuwa la kudanganya zaidi, kwa sababu kila kitu kilisikika, ila besi. Gitaa la besi la Martín Méndez, ambalo mwezi uliopita lilikuwa linatembea wazi katikati ya Opeth, sasa lilikuwa kivuli, na sauti ya mwimbaji haikuwa na mahali. Ilikuwa imetapakaa chumbani. Tuliilaumu amplifaya. Kumbe spika moja ilikuwa imefungwa chanya kwa hasi, kwa hiyo wakati koni ya kushoto inatoka nje, ya kulia inaingia ndani, na sauti nzito zinafutana. Njia ya kupima ni rahisi: chukua betri ndogo ya volti 1.5, gusisha chanya yake kwenye ncha unayodhani ni chanya ya spika na hasi kwenye nyingine, kwa nukta moja tu. Koni ikitoka nje, umepatia. Fanya hivyo kwa spika zote mbili, kisha utie alama ya rangi ya kucha ili usirudie.

Kwa sauti tunayoitumia, amplifaya inakula wastani wa ampea 2, na betri ya namna hii isishushwe chini ya nusu, kwa hiyo tuna karibu saa kumi za muziki, zaidi ya tunazohitaji. Mita ikionyesha volti 12.2 wakati betri imepumzika, tunaipeleka duka lenye paneli za jua, na kuijaza ni faranga 1,500.

Chumba kina sakafu ya saruji na kuta tupu, na kila pigo la dramu lilikuwa linarudi mara mbili. Mablanketi mawili ukutani na godoro lililosimamishwa nyuma yetu yametosha.

16 Februari 2025: Parasomnia, mvua, na ukimya usiotakiwa

Karatasi ya mwenzetu wa Goma haijafika. Mji uliingia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari na benki zikafungwa. Alituma ujumbe mfupi kwamba yeye na watoto ni wazima, na kwa mwezi huu hatumwombi zaidi.

Dream Theater wa Marekani wametoa Parasomnia tarehe 7 Februari, albamu yao ya kwanza pamoja na mpiga dramu Mike Portnoy tangu 2009. Aliondoka 2010, akarudi 2023, na kijana wetu wa dramu alikuwa akiisubiri kwa hamu ambayo wengine hatukuwa nayo. Mada ni matatizo ya usingizi: kuota kwa hofu, kutembea usingizini, jinamizi linalomkalia mtu kifuani huku macho yake yako wazi. Ina dakika 71.

Jioni ilivunjwa na mvua. Chini ya mabati mvua ya Februari haishindani na muziki, inauzima, na ukiongeza sauti ili uishinde unaharibu uwiano wa kelele na ukimya ambao wanamuziki wameupanga. Tumehamisha kikao hadi Jumamosi saa tatu asubuhi, kwa kuwa mvua zetu kwa kawaida hungoja mchana. Saa hiyo pia hakuna anayerudi nyumbani gizani, jambo ambalo wake zetu walikuwa wamelisema tangu mwanzo.

Hitilafu nyingine ilikuwa ndogo kwa sikio lakini kubwa kwa swali letu. Albamu hii tuliipata kwa MP3, na kati ya nyimbo kulikuwa na ukimya mfupi, kukatika kwa nukta tu, hata mahali ambapo muziki ulionekana kutaka kuendelea. Ili kujua kama ni wanamuziki au ni kifaa, tulipiga The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, ya mwaka 1973, ambayo kila mtu anajua kwamba nyimbo zake zimeungana. Nayo ilikatika. Mfumo wa MP3 hugawa sauti katika vipande vya ukubwa mmoja, na pale mwanzoni na mwishoni hujaza ukimya ili kipande kitimie. Programu ya muziki isiyojua kuuruka ukimya huo huupiga kama ulivyo. Tiba ni mbili: kutumia FLAC, au kubadilisha programu ya simu na kuchagua inayoruhusu kupiga bila nafasi. Tumefanya yote mawili. Kabla ya kumlaumu mtungaji kwamba kipande chake kimekatika vibaya, ipime simu yako kwa albamu unayoijua.

Dakika 71 mara mbili ni kazi ya watu wasio na familia. Kanuni imebadilika: albamu ikizidi saa moja, mara ya pili tunasikiliza wimbo mrefu kuliko zote peke yake. Hapa ni The Shadow Man Incident, wimbo wa mwisho, dakika 19 na nusu.

Alama zililundikana kati ya dakika ya 11 na ya 15. Kijana pekee ndiye aliyekuwa na karatasi safi, na utetezi wake ulikuwa wa haki: alisema kwamba alikuwa anafuata mikono na miguu ya Portnoy na hakuwa na nafasi ya kuwaza kingine. Lakini hilo ndilo shtaka langu. Sehemu za katikati zinashindana kwa wepesi wa vidole, gitaa kwa kinanda na kinanda kwa gitaa, na ukizibadilishana nafasi hakuna kinachoharibika. Yaya alilisema kwa upole wa mtu aliyewahi kulipwa kwa saa: hawa wanajua kupiga kila kitu, basi wanapiga kila kitu. Nyimbo fupi za albamu ni imara zaidi, na Night Terror inatisha kweli. Urefu wa wimbo wa mwisho, kwa hukumu ya wengi wetu, haukustahili.

23 Machi 2025: The Overview

Hii ndiyo albamu iliyonifanya niridhike kwamba mradi una maana. Steven Wilson wa Uingereza aliitoa tarehe 14 Machi, na ina nyimbo mbili tu: Objects Outlive Us, dakika 23 na kidogo, na The Overview, dakika 18 na kidogo. Mada ni hali inayowapata wanaanga wanapoiangalia Dunia kutoka mbali na kuona jinsi ilivyo ndogo. Wilson ni mtu yuleyule ambaye kwa miaka mingi amekuwa akichanganya upya kanda za zamani za King Crimson, Yes na Jethro Tull, kwa hiyo anajua nyimbo ndefu zilivyojengwa kwa kuwa amezifungua waya kwa waya.

Jaribio lililoshindwa safari hii lilikuwa la maneno. Mwalimu alikuwa ametafsiri mashairi kwa Kiswahili na kugawa karatasi kabla ya kuanza, kazi nzuri ya usiku kadhaa, na matokeo yake sote tulisoma. Macho yalitangulia masikio. Mtu akifika mwisho wa ukurasa wakati wimbo uko nusu, anakaa anamsubiri mwimbaji amkute. Tuliacha, tukarudi mwanzo, na tafsiri sasa hugawiwa baada ya kusikiliza mara ya kwanza. Tofauti ni kubwa: unaposikia mara ya pili ukiwa na maneno, unakuta muziki ulikuwa umeshakuambia nusu yake.

Katika Objects Outlive Us kuna sehemu ambayo maneno yake yameandikwa na Andy Partridge wa kundi la XTC, inayoweka mikasa midogo ya watu wa kawaida, madeni na manunuzi, sambamba na nyota zinazokufa. Sehemu hiyo ilimgusa kila mtu chumbani, labda kwa sababu ni wiki ambayo bei ya unga ilikuwa inazungumzwa kuliko anga. Lakini sababu ya muziki ni nyingine. Wilson ana wazo dogo la sauti chache analolitoa mapema, kisha analirudisha likiwa limevaa nguo nyingine: mara linaimbwa polepole, mara linapigwa kwa ukali, hadi unapofika kwenye gitaa la Randy McStine linalofunga wimbo, unagundua kwamba umekuwa ukilisubiri bila kujua. Karatasi zetu zilikuwa karibu tupu. Kipimo ninachokitumia tangu jana ni hiki: wimbo mrefu unastahili urefu wake ikiwa sehemu ya mwisho haiwezi kueleweka na mtu aliyeingia mlangoni akiwa amechelewa. Sebene nzuri iko hivyo pia. Anayefika wakati wa sebene anaweza kucheza, lakini hajui yule mwanamke aliyeimbwa kwa dakika sita ni nani, wala kwa nini magitaa yanafurahi hivyo.

Wimbo wa pili ulitugawa. Unaanza kwa vyombo vya kielektroniki, na mke wa Wilson, Rotem, anasoma vipimo vya ukubwa wa vitu vya angani, kumi kwa kipeo hiki na kipeo kile, kila mara mbali zaidi. Mwalimu wa hesabu alifumba macho kwa raha. Yaya aliweka alama kwenye kila dakika, na chini yake akaandika kwamba hakuona mahali pa kushika. Mimi nipo katikati: mwisho wake, unaopungua hadi kubaki pumzi ya sinteza na saksafoni, ni mzuri, ila unaomba uvumilivu ambao wimbo wa kwanza ulikuwa umeshautumia.

Asubuhi hiyohiyo tulisikiliza Curious Ruminant ya Jethro Tull, ya tarehe 7 Machi. Ian Anderson, aliyezaliwa 1947, bado anapiga filimbi kwa akili. Wimbo wake wa karibu dakika 17, Drink from the Same Well, unapendeza na haudai chochote. Alama za wastani. Gharama za mwezi: dola 19 kwa albamu mbili, faranga 1,500 kwa betri.

27 Aprili 2025: albamu ya kupimia

Mwezi huu hatukununua kipya. Masikio yanazoea, na nilihitaji kitu cha zamani kilicho imara cha kupimia, kwa hiyo tukachukua Discipline ya King Crimson, ya 1981. Nilitarajia mazungumzo juu ya historia. Tulipata semina ya gitaa.

Robert Fripp na Adrian Belew wanapiga magitaa mawili yanayofungamana, kila moja likirudia mzunguko wake mfupi. Hatukuwa tumekaa dakika mbili kabla Yaya hajainuka. Alisema kwamba huyo wa kushoto anashika akompanyamaa, gitaa la kusindikiza, na huyo wa kulia ni mi-solo, gitaa lililo kati ya kusindikiza na solo, na kwamba jambo pekee la ajabu ni kwamba wamesahau kumleta mpiga solo. Rumba yetu imejengwa juu ya magitaa matatu ya namna hiyo tangu zamani, na mtu aliyelelewa nayo anaisikia albamu hii, inayosifiwa duniani kwa ugumu wake, kama nyumba ya jamaa. Ugumu upo, lakini uko kwenye hesabu. Katika Frame by Frame magitaa mawili yanaanza pamoja kwa mzunguko wa mapigo saba, yaani noti 14, kisha moja linaacha noti moja, na kwa hiyo linaanza kutangulia kidogo kila mzunguko, mpaka baada ya muda yanakutana tena yalipoachania.

Tulijaribu kulifanya wenyewe. Yaya alishika mzunguko wake, mimi nikashika ule uliopungua noti, na haukudumu: kila mara nilivutwa kurudi kwake, kwa kuwa rumba inakufundisha kumsikiliza mwenzako na kumfuata. Suluhisho lilitoka kwa kijana, aliyetupigia pigo moja sawa kwenye meza, lisilo la yeyote kati yetu, na kutuamuru tulisikilize hilo badala ya kusikilizana. Tulifika hadi tukakutana tena. Mwalimu alikuwa amehesabu kabla: mzunguko wa noti 14 na wa noti 13 hukutana baada ya noti 182.

Anayerudia jaribio hili asikilize akiwa amekaa katikati ya spika. Mtu aliyekaa upande mmoja anasikia gitaa moja na nusu.

6 Julai 2025: ng'ambo ya Kasumbalesa

Kiangazi kimetulia, mabati yamenyamaza, na tumetoka nje ya roki progresivu kwa hatua moja kufuata jambo lililokuwa linanisumbua tangu Aprili. Mpaka wa Kasumbalesa hauko mbali, na upande wa pili, katika miji ya shaba kama Kitwe na Chingola, vijana wa Zambia wa miaka ya 1970 walikuwa wanapiga roki yao wenyewe yenye gitaa lililokwaruzwa na midundo ya nyumbani. Kundi lao moja, WITCH, lilitoa albamu Lazy Bones!! mwaka 1975. Bei ya shaba ilianguka, makundi yakafa, na mwimbaji wa WITCH, Emmanuel Chanda, aliyejulikana kama Jagari kwa jina lililotokana na Mick Jagger, akaishia kuchimba vito. Mwaka 2023 kundi lilirudi na Zango, likiwa na wanamuziki wa Ulaya akiwemo Jacco Gardner kwenye besi, na mwezi uliopita limetoa Sogolo.

Tulisikiliza Lazy Bones!! na Zango. Nyimbo si ndefu, kwa hiyo karatasi za dakika hazikuwa na kazi, na tuliziweka kando. Mama wa nyumba ya pili, ambaye kwa miezi yote hii alikuwa anavumilia, aliingia aliposikia maneno ya Kibemba na akakaa hadi mwisho. Mimi nasema hivi: Lazy Bones!! ina giza ambalo Zango haina. Ile ya 1975 imerekodiwa kwa ukali, gitaa linameza sauti, na unahisi watu wasiojua kama kesho studio itakuwepo. Zango ni safi, ina furaha, na besi yake inasikika vizuri mno kwenye spika zetu, jambo ambalo Januari ningelilipia. Yaya aliuliza kwa nini wachimba shaba wa upande ule walipata gitaa la fujo na wa upande huu tukabaki na lile safi la Katanga, la vidole, la akina Jean Bosco Mwenda. Hatukupata jibu, ila swali limeandikwa.

Mwenzetu wa Goma ametuma karatasi yake ya The Overview. Alisikiliza kwa hedifoni, usiku, na alama yake ya pekee iko dakika ya 9 ya wimbo wa kwanza, ambapo ameandika kwamba mtu aligonga geti.

Hesabu hadi leo, mbali na spika: vifaa dola 83, yaani betri 45, amplifaya 25, nyaya na fyuzi 6, kadi 7, albamu zimezidi kidogo dola 50, kujaza betri ni faranga 1,500 kila mwezi. Michango ya mwanzo iliisha Januari, na tangu hapo kila mmoja anatoa dola 5 kwa mwezi. Betri imeanza kuchoka, inashuka hadi volti 12.2 baada ya asubuhi moja tu, na kabla ya Septemba itabidi tununue nyingine. Fundi anashauri ya paneli za jua badala ya ya gari, kwa kuwa ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi na haipendi kunyonywa polepole. Bei aliyotaja ni karibu mara mbili. Tutaanza kuchangia mwezi huu, na Magma wa Ufaransa, wanaoimba kwa lugha waliyoitunga wenyewe, watasubiri hadi ifike.